Jua, Ngozi na Kofia ya Mwenzetu

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Natoa shukrani zangu kwa Kamati kwa kunipa heshima hii. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya kazi niliyoifanya maishani. Kama wengi mjuavyo, nimekuwa mtu wa maabara na mwalimu wa baiolojia kwa zaidi ya miaka 30, na sasa nimestaafu. Najua pia kwamba hotuba ya mstaafu kabla ya chakula ni mtihani mgumu kwa wasikilizaji, na harufu ya pilau nimeisikia kama mlivyoisikia ninyi. Basi nitaeleza jambo moja tu: ni mambo gani yanayotokea ndani ya ngozi ya mtu pindi jua linapoipiga.

Sababu ya kuchagua jambo hili ilianzia hapo nje, kwenye uwanja wa mstarini.

Sisi tuliingia shule hii mwaka 1974. Katika kundi letu alikuwamo mwenzetu mmoja mwenye ualbino. Wa rika langu mnamkumbuka. Simtaji jina, kwa kuwa ukoo wake haupo hapa kunipa ruhusa. Alikuwa hodari wa hesabu. Alikaa dawati la mbele kabisa, na hata hivyo ilimbidi ainuke aende ubaoni kusoma, tukamcheka. Alikuja na kofia pana ya ukindu aliyosukiwa na mama yake.

Mwaka 1976 nikachaguliwa kiranja wa nidhamu. Sheria ya sare ilikuwa fupi: shati jeupe la mikono mifupi, kaptula ya kaki, kichwa wazi. Nikamwambia avue kofia. Akanieleza kwa upole kwamba jua linamwumiza. Nikamjibu mbele ya mstari mzima, "Jua linatuumiza sote." Watu wakacheka. Nikaichukua ile kofia nikaifungia katika kabati la viranja. Hakuna mwalimu aliyenituma kufanya hivyo, na hakuna aliyenizuia. Tangu siku ile alisimama mstarini na kulima shamba la shule kichwa wazi, shingo imeiva kama nyanya.

"Jua linatuumiza sote." Leo nataka niipime kauli ile kwa elimu niliyoipata baadaye, tuone ina ukweli kiasi gani.

Tuanze na jua lenyewe. Mwanga tunaouona ni sehemu tu ya mwanga wake. Ukiupitisha katika mche wa kioo, kama tulivyofanya katika maabara ile pale, zinatokea rangi kuanzia nyekundu mpaka urujuani. Baada ya urujuani jicho halioni kitu, lakini mwanga haujaisha. Hapo ndipo inapoanza miale ya urujuanimno. Wanasayansi huigawa katika mafungu 3 kwa urefu wa mawimbi. Fungu C, lenye mawimbi yaliyo chini ya nanomita 280, ni kali kuliko yote, lakini huzuiwa huko juu na hewa pamoja na tabaka la ozoni. Fungu B, la nanomita 280 hadi 315, hutufikia kwa sehemu. Fungu A, la 315 hadi 400, hutufikia kwa wingi. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

Vijana, lishikeni hili vizuri. Joto mnalolisikia juani si la miale hii. Ndiyo sababu mtu anaweza kuungua asubuhi ya baridi huko Njombe asijue mpaka jioni. Tena kila unapopanda mlima mita 1,000, nguvu ya miale hii huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10. Baridi ya nyanda za juu inaudanganya mwili.

Sasa twende ndani ya ngozi. Katika seli mna kiini, na ndani ya kiini mna DNA, ambayo tunaweza kuiita kitabu cha maagizo kilichoandikwa kwa herufi 4 tu. Jeni ni kama sura moja ya kitabu hicho. Seli ya ngozi na seli ya ini zina kitabu kile kile, lakini kila moja hufungua sura zinazoihusu na kuziacha nyingine zimefungwa. Tunaposema jeni imewashwa, maana yake ni kwamba sura yake imefunguliwa na kunakiliwa, ili protini fulani itengenezwe.

Mwale wa fungu B ukiipiga DNA mahali ambapo herufi mbili za thaimini zimekaa jirani, herufi hizo huweza kugandana. Msomaji wa kitabu akifika hapo anakwama, au anasoma vibaya. Mungu ameipa seli mafundi wa kurekebisha: protini zinazokagua DNA, kukata kipande kibovu chenye herufi kama 30, kukitupa, na kujaza pengo kwa kuufuata uzi wa pili ulio mzima. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, aliichambua kazi hii hatua kwa hatua, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Wako watoto wachache wanaozaliwa na upungufu wa mafundi hao. Mwaka 1968 James Cleaver, huko California, alionyesha kwamba seli za watoto wa namna hiyo haziwezi kurekebisha DNA iliyopigwa na urujuanimno. Ugonjwa wao ni mwingine kabisa, si ualbino, lakini ulitufundisha jinsi kazi ya mafundi ilivyo kubwa.

Lakini swali lililonivutia mimi ni hili: seli inajuaje kwamba imepigwa? Nani anayetoa habari?

Ni rahisi kudhani kwamba habari zote hutoka kwenye kiini, kwa kuwa ndimo DNA inamoumizwa. Michael Karin na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda. Walichukua seli wakaziondoa viini, zikabaki kama nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Wakazimulika kwa urujuanimno. Mwaka 1993 wakatangaza matokeo: protini moja iitwayo NF-kB, ambayo hukaa nje ya kiini ikingoja kuitwa, iliamka vile vile. Kumbe iko habari nyingine isiyotoka kwenye DNA kabisa.

Mwaka 1996 Karin na mwenzake Rosette wakaonyesha mahali pengine habari inapoanzia. Juu ya utando wa seli mna vipokezi, na kila kipokezi hungoja mgeni wake maalumu, kwa mfano protini inayohimiza ukuaji. Mgeni akifika, vipokezi hukusanyika na kupeleka taarifa ndani. Miale ya urujuanimno huvikusanya vipokezi hivyo bila mgeni yeyote kufika. Ni hodi isiyo na mgeni, na seli nzima huamka kuitikia.

Taarifa husafiri namna gani? Wanafunzi wa shule ya bweni hamna shida kulielewa hili. Mwalimu Mkuu humwambia mwalimu wa zamu, naye humwambia kiranja mkuu, naye huwaambia viranja wa mabweni, na baada ya dakika 5 shule nzima iko mstarini. Ndani ya seli viranja ni vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kila kinasi huamsha inayofuata kwa kuibandika fosfeti. Mwishoni mwa mnyororo mmojawapo iko kinasi iitwayo JNK, ambayo huibandika fosfeti protini c-Jun. Protini hiyo hushikana na mwenzake aitwaye Fos, na jozi hiyo, AP-1, hukamata DNA mahali maalumu na kuwasha jeni. Mojawapo ya jeni zinazowashwa ni ya c-Jun yenyewe, hivyo sauti inazidi kupanda. Mambo haya huanza dakika chache tu baada ya mtu kutoka kivulini.

Si kila jeni inayowashwa ina faida. Moja hutengeneza kimeng'enya kinachokata kolajeni, yaani nyuzi zinazoishika ngozi isilegee. Mikunjo mnayoiona kwenye shingo za baadhi yetu tuliokaa meza ya mbele si ya umri peke yake.

Hodi ya pili ndiyo hiyo inayotoka ndani ya kiini. Msomaji wa DNA anapokwama, kinasi iitwayo ATR hupiga kelele, nayo huiamsha nyingine iitwayo Chk1. Habari humfikia mlinzi mkuu, protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Siku za kawaida seli huitengeneza p53 na kuivunja papo hapo, isijae. Mwaka 1984 Maltzman na Czyzyk walionyesha kwamba seli za panya zikimulikwa kwa urujuanimno, p53 huongezeka. Sababu yake ni kwamba fosfeti zinazobandikwa juu yake huifanya isivunjwe upesi.

Mlinzi akishajaa, huwasha jeni zake. Jeni moja, p21, huisimamisha seli isigawanyike mpaka marekebisho yaishe. Nyingine huwasaidia mafundi. Madhara yakiwa makubwa mno, p53 huwasha jeni za kuiua seli yenyewe. Ngozi inayobambuka siku chache baada ya mtu kuungua na jua ina seli nyingi za namna hiyo, zilizojitoa mhanga zisije zikageuka saratani.

Hata hivyo, mlinzi naye ameandikwa katika jeni, na jeni yake inapigwa na jua lile lile. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake waliikuta jeni ya p53 imeharibika katika saratani nyingi za ngozi walizozichunguza, tena kwa alama ambayo urujuanimno huiacha. Seli iliyopoteza mlinzi haisimami inapoambiwa isimame. Jua la mwaka huu na la mwaka ujao hujumlishwa.

Sasa tumefika kwenye rangi, na hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu.

Mwaka 2007 David Fisher na wenzake huko Boston walieleza jinsi ngozi inavyoongeza weusi juani. Seli za juu za ngozi zikipigwa, p53 iliyo ndani yake huwasha jeni iitwayo POMC. Kutokana na jeni hiyo hutoka homoni ndogo, ambayo husafiri mpaka kwa seli jirani zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanositi. Hizo nazo zina kipokezi cha kuilaki. Ndani yake habari hupokezwa tena, kimeng'enya cha kutengeneza rangi huongezwa, na melanini inapikwa ndani ya vifuko vidogo. Vifuko hivyo hukabidhiwa kwa seli zilizoomba msaada, nazo huvipanga juu ya kiini, upande wa jua. Nimeona jambo hili kwa hadubini mara nyingi, na kila mara nimefikiri jambo moja: seli inavaa kofia.

Kwa mtu mweusi kofia hiyo ipo tangu kuzaliwa, na jua huiongeza. Haizuii miale yote. DNA yetu nayo huumia, lakini kidogo zaidi.

Je, kwa mwenzetu mambo yalikuwaje? Ndugu zangu, katika ngozi yake hodi zote zilipigwa. Vipokezi vilikusanyika, kinasi zikapokezana, p53 ikajaa, homoni ikatumwa. Melanositi alikuwa nazo, na habari ilifika. Hatua ya mwisho peke yake ndiyo iliyokwama. Ualbino ulioenea zaidi kwetu Tanzania hutokana na jeni iitwayo OCA2. Protini yake hukaa kwenye utando wa vile vifuko na kusaidia kuweka humo kiwango cha asidi kinachofaa. Ikikosekana, kimeng'enya hakifanyi kazi yake. Ni kama kiwanda kilichopokea oda, wafanyakazi wapo zamu, umeme hakuna. Mwaka 1995 Spritz na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa Watanzania wenye ualbino, wakaonyesha kwamba kipande kile kile cha jeni hiyo kinakosekana kwa wengi wao.

Mtoto huzaliwa hivyo akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na nakala mbovu kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili huweza kuwa weusi wasijue kwamba wameibeba, na kwa kila mimba nafasi ni 1 kati ya 4. Basi yeyote anayemlaumu mama peke yake, au kutaja mikosi na mizimu, hajui asemalo. Kuanzia mwaka 2007 hivi nchi yetu ilipata aibu kubwa kwa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotokana na ushirikina. Ninyi vijana mnaosoma baiolojia mna wajibu wa kusema ukweli huu huko makwenu, hata kama waliokaa kwenye baraza ni wakubwa kwenu.

Narudi kwenye kauli yangu. "Jua linatuumiza sote." Kwa hatua ya kwanza ilikuwa kweli. Kwa hatua ya mwisho ilikuwa uongo. Mimi nilisimama mstarini nimevaa kofia ambayo hakuna kiranja angeweza kuivua. Yeye kofia yake pekee ilikuwa ile ya ukindu, nami nikaifungia kabatini.

Tulimaliza mwaka 1977. Yeye akawa karani wa hesabu. Mwaka 1988 nilikutana naye Dar es Salaam, kituo cha mabasi, ana bandeji shingoni. Aliniambia kidonda kimekataa kupona na kwamba anakwenda hospitali ya Ocean Road. Kisha akacheka, akasema, "Kiranja, kofia yangu umeniletea?" Nilicheka naye, maana sikujua la kusema. Alifariki mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 30. Mama yake alikuwa hai.

Siwezi kusema kwamba kofia moja ingemwokoa. Sayansi hairuhusu niseme hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini najua kwamba jua la utotoni na ujanani huhesabiwa, na miaka miwili ya jua lake iko kwenye hesabu yangu. Mwaka 1985 daktari Luande na wenzake walikwisha chapisha taarifa juu ya mamia ya watu wenye ualbino waliochunguzwa Dar es Salaam, wakaonyesha jinsi madhara ya jua yanavyoanza mapema utotoni. Na mama yake alilijua jambo hilo kabla yao, bila hadubini.

Leo hali si ile ya zamani. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, yametengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuwakumbuka. Lakini mafuta hayamfai mtu anayelazimishwa kusimama juani saa sita mchana.

Mwalimu Mkuu ameniambia kwamba mwaka huu shule ina vijana wawili wenye ualbino. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo 3. Kwanza, sheria ya sare iandikwe upya, ili kofia pana, shati la mikono mirefu na suruali ndefu viwe sare halali kwa kila anayevihitaji, bila kuomba ruhusa kwa kiranja. Pili, chama chetu kinunue vitu hivyo pamoja na mafuta ya kukinga jua, na vijana hao wakae mbele darasani na wapewe kazi za kivulini. Tatu, tupande miti kuzunguka uwanja wa mstarini. Mimi naanza na mchango wangu, ambao nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina.

Na ninyi viranja wa leo, nina neno moja kwenu. Mtu akikuambia jua linamwumiza, mwulize linamwumiza vipi, kisha umsikilize mpaka mwisho. Seli yenyewe, ndogo kuliko punje ya mchanga, inajua kusikiliza hodi.

Nimeleta kofia mbili za ukindu. Ziko hapa mezani. Naomba Mwalimu Mkuu anisaidie kuwakabidhi wenyewe, tena kesho asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, kwa sababu ile ya kwanza niliichukua mbele ya shule nzima.